Kichujio

Kijitonyama, ghorofa ya tatu, feni inazunguka kwa kusitasita.
Jaribio la arobaini limeanguka tena
na hakuna kilichoharibika.

Jana amri iliorodhesha mafaili saa 21:14.
Leo imeyaorodhesha saa 21:16.
Majina yaleyale, ukubwa uleule,
ila skripti haijui utani:
imelinganisha herufi kwa herufi,
imekuta sita pahali pa nne,
imepiga yowe jekundu.

Sikudhani akacheka.
"Mashine yako haijakaa na watu.
Mama akisema saa tatu, simu ikaandika ishirini na moja,
nani amewahi kukosa harusi kwa hilo?
Tunageuza kichwani, tunaendelea na pilau."

Basi tukaandika kichujio.
Penye saa, kikaweka SAA.
Penye tarehe, TAREHE.
Ile folda ya muda, yenye jina kama la mtu aliyekalia kibodi,
ikawa MUDA.
Nafasi iliyobaki kwenye diski,
inayopungua kila mtu akipakua picha za kitchen party,
ikawa NAFASI.
Na namba ya faili, ambayo mfumo huigawa kimyakimya
kama kikaratasi cha foleni hospitalini,
ikawa NAMBA.
Mwisho tukaipanga orodha kialfabeti, kwa lazima,
maana folda hutapika majina kwa zamu ipendayo yenyewe.

Kijani.
Umeme ukakatika, jenereta ikakohoa, tukaanza upya: kijani.
Wiki tatu kijani. Nikajiona fundi.

Jumamosi nilikuwa Tandika, dukani kwa mama, tunafunga hesabu.
Mama huhesabu kwa kidole gumba kilicholowa mate,
hasomi namba. Nani husoma namba za noti?
Elfu kumi ni elfu kumi,
iwe mpya, iwe imekunjwa mara nane, iwe inanuka dagaa.
Akafika kwenye mbili, mkono ukasita.
Akazilaza kaunta, bega kwa bega.
"Soma."
Nikasoma. Herufi zilezile.
Tarakimu zilezile, hadi ya mwisho.
"Moja si pesa," akasema.
"Na pengine zote mbili."
Sukari ya kupima robo robo, siku nzima,
imelala pale kama karatasi ya kufungia maandazi.

Sikungoja chai.

Nikafungua tokeo ghafi, lile la kabla ya kuchujwa:
risiti, namba 5127.
mkataba, namba 5127.
Mafaili mawili, kitambulisho kimoja.
Ukiandika katika hili, unalivunja lile.
Wiki tatu kosa lilipita mlangoni petu
limevaa NAMBA, jirani yake kavaa NAMBA,
nasi tukalipungia mkono.

Nkwabi hakunigombeza. Ni mtu wa maneno machache,
na siku hiyo alikuwa anamenya chungwa.
"Uliogopa namba zisibadilike," alisema,
"ukasahau kuuliza kama zinatofautiana.
Usiifute. Ipe jina la kupanga.
Ya kwanza kuonekana, NAMBA-1. Ngeni inayofuata, NAMBA-2.
Kesho ziwe themanini na mia tisa, shauri yao,
lakini watu wawili wasiingie kwa tiketi moja."

Mistari kumi na mmoja nilibadilisha.
Ubao ukawa mwekundu,
wekundu wa haki safari hii,
nikaupiga picha, nikamtumia mama.

Akajibu jioni: "Ndiyo nini hiyo?"
Nikaandika: "Noti zako mbili."
Kimya. Kisha akatuma picha ya friza ya maji:
ameibandika juu yake ile iliyokataliwa benki,
kwa gundi, uso kwa wateja,
na namba ameizungushia kalamu.

Kosa lenyewe bado hatujalipata.
Sikudhani yumo ndani ya mfumo, viatu amevua,
anafuata 5127 inakozaliwa.
Mimi naandika haya nikimsubiri.

Kijitonyama,
TAREHE, SAA.